Kabla ya Kununua Tairi la Baiskeli, Lisome Ubavuni

Mwanakisomo mmoja wa upande wa Mlima Meru, mkulima wa ndizi, alitujia siku moja na tairi jipya mkononi. Alikuwa amelinunua mjini kwa fedha ya mikungu aliyouza soko la Tengeru. Baiskeli yake ni ya milimani, zile ambazo vijana huziita maunteni, na alijua kabisa kwamba magurudumu yake ni ya 26. Muuza duka alimpa tairi la 26. Lakini alipolivisha nyumbani, likacheza juu ya rimu kama pete ya mtu mnene kwenye kidole cha mtoto. Akatuuliza, "Jamani walimu, 26 si ni 26?"

Tulilichukua lile tairi tukalisoma pamoja. Ubavuni liliandikwa 26 x 1⅜. Kisha tukaiendea baiskeli, tukafuta tope kwenye tairi kuukuu. Hilo liliandikwa 26 x 1.95. Basi jibu lilikuwa limeandikwa hapo muda wote. Na yule bwana anasoma vizuri, tena hesabu ndilo somo alilolipenda kuliko yote. Ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba tairi nalo husomwa. Hata sisi tuliomfundisha hatukumwambia.

Ndugu msomaji, tuanze na hizo namba. Namba ya kwanza, 26, ni urefu wa gurudumu pamoja na tairi lake kutoka upande mmoja hadi wa pili, kwa inchi. Lakini ni makisio tu. Namba ya pili ni unene wa tairi. Sasa tazama namna hiyo ya pili ilivyoandikwa. Ikiwa imeandikwa kwa nukta, kama 1.75, 1.95 au 2.125, hilo ni tairi la baiskeli ya milimani. Ikiwa imeandikwa kwa sehemu, kama 1⅜ au 1¾, hilo ni tairi la rimu nyingine kabisa.

Darasani tulifundishana kwamba 1.75 na 1¾ ni kitu kimoja. Kwenye daftari ni kweli. Kwenye matairi si kweli. Tairi la 26 x 1.75 linakaa kwenye rimu ya milimita 559. Tairi la 26 x 1¾ linataka rimu ya milimita 571. Na lile la mwenzetu, 26 x 1⅜, linataka rimu ya milimita 590. Toa 559 kutoka 590 unapata 31. Yaani tairi lilizidi rimu kwa zaidi ya sentimita 3. Litaachaje kucheza?

Kwa hiyo tafuta namba nyingine, mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo zaidi, yenye kistari katikati. Kwa mfano 50-559. Hiyo 50 ni unene wa tairi likijazwa upepo, kwa milimita. Hiyo 559 ni kipimo cha pale ukingo wa tairi unapokaa kwenye rimu. Namba hii ya pili ndiyo isiyodanganya. Ikilingana na ya tairi lako la zamani, tairi litaingia. Isipolingana, rudisha kwa muuzaji hata akikuapia.

Wenye baiskeli kubwa za kizamani nao wasijione wamepona. Hizo huvaa 28 x 1½, na kipimo chake cha rimu ni 635. Liko tairi jingine linaloitwa 28 ambalo kipimo chake ni 622. Hilo limepungua milimita 13, wala haliingii hata ukilivuta kwa vijiko viwili na goti juu. Na ajabu ya watengenezaji: magurudumu mapya ya milimani yanayoitwa 29 nayo ni 622. Yaani 29 na hiyo 28 ni rimu moja!

Asili ya mkorogo huu ni kwamba zamani kila nchi na kila kiwanda kilijipimia. Tairi nene la 26 x 2.125 lilianza kutumika Marekani, kiwanda cha Schwinn kilipolitia kwenye baiskeli zake mwaka 1933. Katika miaka ya 1970 vijana wa Marin, huko California, walizichukua baiskeli hizo kuukuu wakawa wanashindana kuteremka mlima kwenye njia ya vumbi na mawe. Walizipenda kwa sababu tairi nene lilivumilia. Hapo ndipo ilipozaliwa baiskeli ya milimani, ikarithi gurudumu lile lile. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikaanza kuuza ya kwake, Stumpjumper, na baada ya hapo viwanda vingi vikafuata. Ndiyo maana leo mkulima wa ndizi anatafuta kipimo cha baiskeli ya mtoto wa Kimarekani wa mwaka 1933.

Haya, tuseme tairi limelingana na rimu. Bado hujachagua. Ukitazama dukani utaona mengine yana vivimbe vikubwa vya mpira, vile ambavyo mafundi huviita kashata. Mengine yana mistari tu. Watu wengi hunyoosha mkono moja kwa moja kwenye lile lenye kashata kubwa kuliko yote, eti ndilo linaloshika. Linashika nini? Hapo ndipo pa kufikiri.

Mwenzetu huyu akitoka kwake kwenda sokoni hupita njia tatu. Juu kwenye migomba ni udongo wa volkano. Wakati wa masika unakuwa tope, kiangazi unakuwa vumbi laini kama unga. Chini yake ni mteremko mgumu wenye mawe. Mwisho ni lami ya barabara kuu ya Arusha na Moshi.

Kwenye tope, kashata ndefu zilizoachana ndizo zenye kazi. Zinazama na kupata pa kukanyaga, na kwa kuwa zimeachana, tope linadondoka gurudumu linapozunguka. Kashata zikibanana, tope linajaa katikati yake, na baada ya hatua chache unaendesha tairi la udongo. Tairi nene mno nalo lina balaa lake kwenye tope: linakwama kwenye fremu na breki. Kabla ya kununua nene, pima kwa vidole nafasi iliyopo kati ya tairi na fremu. Kidole kimoja kisipopita, acha.

Kwenye njia ngumu na kavu mambo yanageuka. Kashata ndefu haiwezi kuzama kwenye jiwe. Inapinda tu, na kwenye kona unaisikia baiskeli ikiyumba kama imelewa. Hapo zinafaa kashata fupi zilizokaribiana, ili mpira mwingi uguse ardhi.

Mchanga ni habari nyingine. Ndugu zetu wa nyanda za chini na wa pwani wanaujua. Kwenye mchanga kashata hazisaidii sana. Kinachosaidia ni unene wa tairi na upepo mdogo. Mzigo ukiwa ni ule ule, ukipunguza upepo tairi hulala na kugusa ardhi kwa eneo kubwa zaidi. Upepo ukipungua nusu, eneo linakuwa karibu mara mbili. Kwa hiyo badala ya kukata mchanga kama kisu, tairi linapita juu yake kama ndala.

Kwenye lami, tairi lenye mistari midogo au laini kabisa ndilo bora. Kashata kubwa hunguruma, humaliza nguvu za miguu na huisha upesi. Wako wanaoogopa tairi laini siku ya mvua kwa kuwa wameambiwa tairi la gari lisilo na kashata huelea juu ya maji. Kwa gari lenye tairi pana na mwendo mkali ni kweli. Tairi la baiskeli ni jembamba na la mviringo, linayapasua maji lenyewe. Lakini tusielewane vibaya. Tairi lililotengenezwa laini si sawa na tairi lililokwisha likawa kipara. La kwanza lina mpira wa kutosha. La pili limebakiwa na ngozi tu, na ukiona nyuzi zake zimechungulia, usilipandie mlima.

Sasa mtu mwenye njia tatu anunue matairi ya aina tatu? Hapana. Kwa maoni yetu anunue lenye kashata fupi zilizoshikana katikati na kashata ndefu zaidi pembeni. Likiwa wima kwenye lami au njia ngumu hutembea kwa ile katikati. Likiinama kwenye kona au likizama kwenye udongo laini, zile za pembeni zinafanya kazi. Halitashinda kila mahali, ila halitakuangusha popote. Tazama pia kama ubavuni pana mshale. Huo unaonyesha upande wa kuzungukia. Mafundi wengi huupuuza, basi msimamie.

Kuhusu upepo, ubavuni pameandikwa kiwango chake pamoja na herufi PSI, yaani pauni kwa kila inchi ya mraba. Matairi ya 2.125 mara nyingi huandikwa kama 40 hadi 65. Mwenye mizigo asijaze kidogo. Ukipita kwenye jiwe na upepo mdogo huku umepakia gunia, rimu inabana mpira wa ndani juu ya jiwe na kuutoboa matundu mawili yaliyo jirani. Ukiona matundu mawili namna hiyo usilaumu miba, laumu pampu yako.

Na uzito wa tairi? Hili huwasumbua wanamashindano. Tairi jepesi la mashindano lina gramu kama 500, na yale ya kuteremkia milima kwa kasi hupita kilo 1. Ni kweli kwamba uzito ulio kwenye gurudumu huchosha zaidi kila unapoanza mwendo, maana unausukuma mbele na kuuzungusha pia. Lakini wewe unayebeba mikungu mitatu kwenye keria, gramu 300 ni sawa na ndizi mbili. Usilipe fedha ya ziada kununua wepesi. Tairi jepesi lina mbavu nyembamba, na mawe ya mteremko hayana huruma na mbavu nyembamba. Wewe nunua ubavu mgumu. Ubonyeze kwa kidole gumba, uukunje kidogo: ukiona vinyufa, hilo limekaa sana juani au stoo, hata kama linang'aa.

Yako mazoea mamoja ambayo tungependa yakome. Mtu ananunua tairi moja jipya analitia nyuma, kwa kuwa nyuma ndiko kwenye mzigo. Kipara anakihamishia mbele. Kweli tairi la nyuma hubeba zaidi na huisha mapema. Lakini tairi la nyuma likiteleza, mara nyingi unaweza kuteremsha mguu ukasimama. La mbele likiteleza, usukani umekwisha ondoka na uso wako unaufuata. Na ukikamata breki kwenye mteremko, uzito wote hukimbilia mbele, ndiyo kusema hapo ndipo panapotakiwa kushika. Mwenzetu wa ndizi alikuwa na kovu kwenye kidevu. Tulipomuuliza alisema alianguka kwenye kona, siku ya manyunyu. Tulipotazama gurudumu lake la mbele tuliona kipara kitupu. Kama una fedha ya tairi moja tu, na yote mawili yamechoka, tia jipya mbele, na lile lenye afya kidogo kati ya makuukuu liende nyuma mpaka msimu ujao.

Wanaopita kwenye migunga wana adui wao, miba. Hakuna kashata inayozuia mwiba wa mgunga. Njia ya bei nafuu ni kukata ukanda kutoka mpira wa ndani uliochakaa na kuutandika kati ya tairi na mpira wa ndani ulio mzima. Unaongeza uzito kidogo, ila pancha zinapungua. Kila unapoziba pancha, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi uhakikishe mwiba wenyewe umetoka, la sivyo kesho utaziba tena tundu lile lile.

Mwenzetu alirudi mjini akiwa ameandika 559 kwenye kipande cha karatasi. Duka la kwanza walimpa tena la 1⅜ wakisema litaingia tu. Akatoa karatasi, akawaomba wamsomee ubavu wa tairi. Akaenda duka la tatu ndiko akapata 50-559, akalitia mbele. Lile la kwanza walikataa kulipokea kwa sababu lilikwisha vishwa kwenye rimu. Amelikata vipande, na sasa ni bawaba za mlango wa banda la mbuzi.