Juan Rulfo: Kimya Chenye Mshindo

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Msemo huo unamfaa Juan Rulfo wa Meksiko, aliyepata sifa ya kudumu kwa vitabu viwili vyembamba: hadithi fupi za *El Llano en llamas* (1953) na riwaya ya *Pedro Páramo* (1955).

Alizaliwa tarehe 16 Mei 1917 katika jimbo la Jalisco. Baba yake aliuawa mwaka 1923, na mama yake akafariki mwaka 1927, wakati wakulima Wakatoliki walipokuwa wakipigana na serikali. Mtoto huyo akalelewa katika nyumba ya mayatima mjini Guadalajara. Alipokuwa mtu mzima alikuwa karani wa uhamiaji, kisha mwuzaji wa matairi, akizunguka nchi na kamera yake.

Aliyoyaona huko ndiyo aliyoyaandika. Katika hadithi yake moja, wakulima waliogawiwa ardhi na serikali wanatembea kutwa nzima juu ya uwanda mkavu usioweza kuotesha hata mbegu. Walipolalamika, ofisa aliwaambia wayaandike malalamiko yao. Sisi tufanyao kazi maofisini twaijua vema kauli hiyo! Rulfo hahubiri wala halaani. Huwaacha wakulima wajisemee, kwa maneno machache ya watu waliochoka.

Katika *Pedro Páramo*, kijana Juan Preciado anakwenda kijiji cha Comala kumtafuta baba yake, kama alivyousiwa na mama yake. Anapokewa na sauti, na polepole msomaji anang'amua kwamba wasemaji hao ni wafu. Ifikapo katikati ya kitabu, msimulizi mwenyewe anazungumza kutoka kaburini. Riwaya haina sura zenye namba. Ni vipande vifupi vinavyoruka kutoka wakati mmoja hadi mwingine. Lakini mtindo huo si pambo tupu. Kijiji kilichoangamizwa na mwenye shamba mmoja dhalimu kingesimuliwa na nani, isipokuwa wafu wake?

Mwaka 1961 Gabriel García Márquez wa Kolombia, akiwa mjini Mexico, alipewa kitabu hicho na rafiki yake Álvaro Mutis. Alikisoma mara mbili usiku ule ule, na baadaye akakiri kwamba ndicho kilichomfungulia njia ya kuandika riwaya yake mashuhuri ya mwaka 1967. Mwaka 1982 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Rulfo, kwa upande wake, alihariri kwa miaka mingi vitabu vya taasisi ya serikali iliyoshughulikia wenyeji wa asili wa Meksiko. Kila mara aliulizwa riwaya ya pili iko wapi. Alifariki tarehe 7 Januari 1986.

Basi, msomaji atakayekipata kitabu hicho asikate tamaa kurasa za mwanzo zikimchanganya. Asome taratibu, asikilize kila sauti, kisha arudie mwanzo. Kurasa ni chache, na muda wa kurudia upo.