Shukrani ya Punda

Wahenga walinena kwamba shukrani ya punda ni mateke. Methali hiyo ina kweli ndani yake, lakini twaona kwamba mara nyingi punda hudaiwa shukrani kwa wema ambao hakutendewa. Aliyechukua mchanga tangu alfajiri, ana kidonda mgongoni, kisha jioni akapandwa na mtu mzima, ana lipi la kushukuru?

Twayasema haya kwa ajili ya Lamu. Mji wake wa kale, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ulijengwa kwa vichochoro visivyopitika gari. Ingawa pikipiki zimeingia kisiwani, punda angali mchukuzi wa mizigo na wa watu. Katika vichochoro hivyo mpandaji aangukaye huangukia ukuta wa mawe, naye punda ashtukaye huweza kumkumba mtoto au mzee. Kwa hiyo usalama wa mnyama na wa binadamu ni jambo moja.

Kabla ya kupanda, yampasa mtu apitishe mkono mgongoni mwa punda na chini ya tumbo, atafute kidonda au uvimbe, kisha atazame kwato. Tandiko liwe nene, lisilokandamiza uti wa mgongo, nalo lifungwe kwa mshipi mpana. Kamba nyembamba ya nailoni hukata ngozi. Mabega ya punda hayakuinuka kama ya farasi, hivyo tandiko lililolegea hutelezea shingoni katika mteremko, na mpandaji hulifuata. Akiisha kupanda, akae wima, wala asining'inie kwenye hatamu.

Punda asimamapo ghafla, tumezoea kumwita mkaidi na kumchapa bakora. Huko ni kutomjua. Farasi aogopapo hukimbia. Punda aghalabu husimama apime hatari. Apewe nafasi ya kutazama, naye atakwenda. Bakora humwongezea hofu, na hofu ndiyo izaayo teke.

Uzito nao una mpaka. Shirika la Donkey Sanctuary, lililofungua zahanati ya punda Lamu mwaka 1987, limeshauri huko Uingereza kwamba mpandaji asizidi kilo 50 hivi. Wengi wetu tuliokwisha kuwa watu wazima tumeupita mpaka huo. Basi yatufaa kwenda kwa miguu mara nyingi zaidi, na kutompanda kabisa punda mchanga, mwenye mimba au mwenye kidonda.

Kwa wakuu wa serikali tuna neno. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, yakataza kumpiga mnyama kikatili, na kumpanda au kumtwisha kupita kiasi. Sheria haikukosekana, kilichobaki ni kuitimiza. Pawekwe maji na kivuli mahali mizigo ipakiwapo, na vijana wanaoshindana kwa punda wakati wa Maulidi wafundishwe kwanza namna ya kumkagua mnyama, na mwenye kidonda asiruhusiwe kushindana.

Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji huruma, na dini yetu na mila zetu zimetuagiza huruma hiyo tangu zamani. Tumtendee punda wema kwanza. Ndipo tutakapokuwa na haki ya kumlaumu kwa mateke yake.