Akikuletea Furaha Yake, Unamjibuje?

Mwaka 2001 Roy Baumeister na wenzake watatu walikusanya tafiti za saikolojia za miaka mingi na kukuta jambo lile lile kila walikogeuka: baya lina nguvu kuliko zuri. Tusi huchoma zaidi ya sifa inavyopendeza. Pesa iliyopotea huuma kuliko iliyookotwa inavyofurahisha. Na ndivyo ilivyopaswa kuwa, maana aliyempuuza nyoka hakupewa nafasi ya pili, ilhali aliyepuuza embe bivu alishinda njaa siku moja tu.

Ajabu ni kwamba mema ndiyo mengi. Watu wakiombwa waandike kila jioni yaliyowapata mchana, madogo mazuri huyazidi mabaya. Tatizo ni kwamba hayapigi hodi. Chai imekolea tangawizi, umepata kiti cha dirishani kwenye daladala, mtoto kasoma mwenyewe kibao cha duka: yanapita, na jioni ukiulizwa habari za leo unasema "nzuri" bila kukumbuka hata moja.

Martin Seligman na wenzake walijaribu dawa rahisi, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Kila usiku, kwa wiki moja, andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri na sababu yake. Miezi 6 baadaye walioandika walikuwa bado na furaha zaidi kuliko walivyoanza. Tafiti zilizofuata hazikupata faida kubwa kiasi hicho, kwa hiyo tusiligeuze daftari kuwa hirizi. Mimi nadhani lina upungufu mmoja: halijibu.

Hapo ndipo anapoingia Shelly Gable, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 2004 yeye na wenzake walionyesha kwamba kumsimulia mtu jambo zuri huongeza furaha kupita ile iliyoletwa na jambo lenyewe, lakini inategemea sana msikilizaji. Walizigawa namna za kumjibu mtu katika mafungu manne.

Tuchukue mama lishe. Anarudi jioni, anavua kanga ya kazini, anamwambia mumewe: "Baba Asha, leo chapati zimekwisha saa tatu asubuhi!" Mume anaweza kuinua macho: "Saa tatu? Nani kazimaliza? Ulifanyaje?" Anaweza kusema "hongera" huku kidole kikiendelea kupekua simu. Anaweza kulitia doa: "Ulikanda chache, umefukuza wateja." Au anaweza kuuliza: "Umeme umebaki uniti ngapi?"

Wepesi wetu ni kudhani kosa ni lile la tatu tu. Kumbe kwenye tafiti za Gable ni jibu la kwanza pekee lililoendana na uhusiano imara. Ile "hongera" ya kando haina matusi, lakini iliangukia upande mmoja na karipio. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, yeye na wenzake walirekodi kwa video wapenzi wakizungumza, jozi 79. Namna walivyopokeana kwenye habari njema ilieleza vizuri zaidi afya ya uhusiano wao, na nani wangeachana miezi miwili baadaye, kuliko walivyofarijiana kwenye shida. Sisi tunaohesabiana waliokuja msibani, hilo linatuhusu.

Msomaji wa Kiswahili atauliza: na husuda je? Wengi tumelelewa kutotangaza neema. Mimba hufichwa, safari haitajwi mpaka tiketi iwe mkononi. Sidhani hofu hiyo ni ujinga mtupu. Sayansi yenyewe inasema furaha ikimwangukia mtu asiyeipenda hurudi pungufu. Ila kuficha mambo makubwa kumetufanya tufiche hata madogo ambayo hayana wa kuyaonea kijicho. Na hata hayo makubwa tuna dawa yake midomoni: "mashallah" ya dhati, ikifuatwa na swali, inamwambia msimuliaji kwamba hana cha kuogopa.

Sehemu kubwa ya takwimu hizi imetoka kwa Wamarekani, wengi wao wanafunzi wa vyuo. Haijulikani zingekaaje katika nyumba ya mke, mume, mawifi na bibi chini ya paa moja, ambamo habari njema ina wasikilizaji sita na kila mmoja ana jibu lake. Watafiti wa saikolojia wa vyuo vyetu, kazi hiyo inawangoja, na haihitaji maabara: kinasa sauti na ruhusa ya wenye nyumba vinatosha kuianza.