Ndama Anayehara: Tuanze na Tumbo Kabla ya Kununua Pakiti

Katika vikundi vingi vya kujisaidia, ndama jike wa kwanza huwa si wa mtu mmoja. Mwenye ng'ombe wa gredi humlea, halafu humpitisha kwa mwanachama anayefuata kwenye orodha. Ndama huyo akifa, jirani aliyekwisha panda nepia na kujenga boma hana budi kungoja tena, pengine zaidi ya mwaka. Kuhara ni moja ya mambo yanayoua ndama wengi katika wiki zao za kwanza.

Siku hizi kwenye maduka ya agroveti kuna pakiti za unga wa kuchanganya na maziwa au chakula, ati wa kutengeneza tumbo. Je, unafaa? Kwanza tuelewe tumbo lenyewe.

TUMBO LA NDAMA LIKOJE?

Ng'ombe ana tumbo lenye vyumba vinne. Kile kikubwa cha kucheulia nyasi, kwa ndama aliyezaliwa leo, bado ni kidogo na hakifanyi kazi. Maziwa hukipita na kwenda moja kwa moja kwenye chumba cha nne. Kwa hiyo nyasi peke yake haziwezi kumlisha ndama mchanga.

Tena ndama huzaliwa bila kinga ya kutosha katika damu. Kinga yake imo katika maziwa ya kwanza, yaani dang'a. Utumbo hupitisha kinga hiyo saa za mwanzo tu. Ikifika saa 24 mlango umefungwa. Mpe ndama lita 2 mapema iwezekanavyo, saa 6 zisipite, na lita 2 nyingine kabla ya saa 12. Wale wanaomwaga maziwa haya kwa kuwa ni mazito na ya manjano wanamwaga dawa ambayo hakuna duka linaloiuza.

PAKITI ZINA NINI?

Nyingi zina vijidudu vyema vilivyo hai, au hamira. Vijidudu vyema hushindania nafasi na chakula na vile vibaya ndani ya utumbo. Hamira husaidia tumbo la kucheua ndama anapoanza kula. Vinaweza kupunguza kuhara, lakini si kila mahali wala kila mara, na haviwezi kuchukua nafasi ya dang'a wala usafi.

Ukinunua, angalia tarehe ya mwisho, weka pakiti mahali pakavu pasipo joto, na usichanganye na maziwa ya moto, maana utaviua. Usitumie pamoja na dawa za kuua vijidudu bila kumwuliza daktari wa mifugo, kwa sababu dawa hizo hazichagui kizuri na kibaya.

CHAKULA KINACHOKUZA TUMBO

Kuanzia wiki ya kwanza weka maji safi na konzi ya chakula cha ndama cha nafaka. Nafaka zikichacha tumboni ndizo zinazokuza kile chumba cha kucheulia. Badilisha kila siku; kilichobaki mpe ng'ombe mkubwa. Mahindi yaliyoota kuvu usimpe kabisa. Usimwachishe maziwa mpaka ale karibu kilo 1 ya chakula hicho kwa siku, siku tatu mfululizo.

AKIANZA KUHARA

Kinachomwua ndama upesi ni kuishiwa na maji na chumvi. Fanya hivi:

1. Mtenge na wengine, mahali pakavu.
2. Chemsha lita 1 ya maji, yapoe yawe vuguvugu. Tia vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, si vya kujaza.
3. Mpe kidogo kidogo, kufikia lita 2 hadi 4 kwa siku, katikati ya nyakati za maziwa. Usichanganye na maziwa.
4. Usimnyime maziwa. Bila maziwa hana nguvu ya kupona.
5. Vuta ngozi ya shingo halafu uiachilie. Ikichelewa kurudi, au macho yameingia ndani, au hanyonyi, au hawezi kusimama, au kuna damu, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Nawa mikono kwa sabuni, na watoto wasimshike. Magonjwa mengine ya kuhara huambukiza watu.

MAMBO YA KUJADILI KWENYE MKUTANO

- Ni ndama wangapi wa kikundi waliokufa mwaka uliopita, na walikuwa na umri gani?
- Ng'ombe akizaa usiku, nani huhakikisha ndama amepata dang'a?
- Ndoo za ndama huoshwa na nani, na kwa maji gani?

Mkishajibu hayo, ndipo mwamue kama pesa za kikundi zinunue pakiti, au zianze na ndoo safi na sakafu kavu.