Mfungaji Akiondoka, Timu Ifanye Nini?

Wapenzi wasomaji wa Nambambo na Ruangwa, nanyi nyote mpendao mpira, hebu tuulizane jambo moja. Katika timu yenu yuko kijana ambaye akigusa mpira watazamaji wote husimama. Kona zapigwa kumtafuta yeye, penalti hupiga yeye, na asipofika uwanjani watu hurudi nyumbani mapema. Siku moja kijana huyo anaitwa na timu kubwa ya Mtwara au Dar es Salaam. Anafunga mzigo wake, anakwenda. Je, mtafanya nini?

Wazee walisema, mti mkuu ukianguka, wana wa ndege huyumba. Ni kweli, lakini kuyumba si kufa. Timu nyingi za vijana hufa kwa sababu hiyo tu: mmoja anaondoka, wenzake wanakata tamaa, aliyekuwa akinunua mipira anakunja mkono, na uwanja unaota majani. Hapo hasara si ya mpira peke yake. Vijana waliokuwa na shughuli njema kila jioni sasa hawana.

Msidhani mambo haya huzipata timu ndogo tu. Yatazameni yaliyoipata Young Africans, yaani Yanga, mwaka 2023. Mshambuliaji wao alikuwa Fiston Mayele, Mkongo aliyetoka AS Vita ya Kinshasa mwaka 2021. Katika msimu wa 2022/23 alifunga mabao 17 ya Ligi Kuu. Tena alifunga 7 katika Kombe la Shirikisho la Afrika, akawa mfungaji bora wa kombe hilo. Yanga walifika fainali. Walifungwa na USM Alger 2-1 Dar es Salaam, wakashinda 1-0 kule Algiers, wakakosa kombe kwa hesabu ya mabao ya ugenini tu.

Baada ya hapo Mayele akaenda Pyramids ya Misri. Mwalimu Nasreddine Nabi naye akaondoka, na Feisal Salum akahamia Azam. Nyumba ikawa kama imeng'olewa nguzo.

Basi walifanyaje? Walimleta mwalimu Miguel Gamondi kutoka Argentina. Walimsajili mshambuliaji mmoja kutoka Ghana, Hafiz Konkoni, lakini hakuliziba pengo, akaondoka msimu ukiwa katikati. Kama matumaini yote yangetundikwa kwake, timu ingeanguka pamoja naye. Lakini walikuwa wamewachukua pia Pacome Zouzoua wa Ivory Coast na Maxi Nzengeli wa Kongo, ambao ni viungo. Na nyumbani walikuwamo wengine tayari: Aziz Ki wa Burkina Faso, aliyekuja mwaka 2022, na Clement Mzize, kijana wetu Mtanzania aliyekuzwa katika timu yao ya vijana. Kazi ya mtu mmoja ikagawiwa watu wengi.

Mwanzo haukuwa mtamu. Tarehe 13 Agosti 2023, kule Tanga, walitoka 0-0 na Simba katika Ngao ya Jamii, wakashindwa kwa penalti. Mtu angeweza kusema, "Mnaona? Hakuna wa kufunga." Lakini tarehe 5 Novemba mwaka uleule walikutana tena, na Yanga wakashinda 5-1. Yatazameni majina ya wafungaji: Kennedy Musonda moja, Nzengeli mawili, Aziz Ki moja, Zouzoua moja. Ukimkaba huyu, yule anafunga.

Msimu ulipokwisha, Yanga walikuwa mabingwa kwa pointi 80, na waliowafuata walikuwa na 69. Aziz Ki alifunga mabao 21 ya ligi, kumpita hata Mayele wa mwaka uliotangulia. Katika Ligi ya Mabingwa Afrika walifika robo fainali, wakatoka 0-0 mara mbili na Mamelodi Sundowns, wakatolewa kwa penalti.

Najua mtaniambia, "Yanga wana fedha, nasi tuna mpira mmoja wenye viraka." Ni kweli. Lakini hao wawili, Aziz Ki na Mzize, hawakununuliwa mwaka ule. Walikuwamo ndani, wakisubiri nafasi. Hata kwenu wapo. Na kutoka huku kwetu mbali hufikiwa: jirani zetu Namungo wa Ruangwa walipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na mwaka 2021 walikuwa katika makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika.

Basi kaeni chini mhesabu. Aliyeondoka alifanya kazi gani? Alifunga, alipiga kona, aliwapa wenzake moyo. Kona apewe huyu, penalti yule, na unahodha apewe mwenye kusikilizwa. Watoto wanaookota mipira nyuma ya goli waiteni wafanye mazoezi na wakubwa. Tafuteni mechi za kirafiki, na mkifungwa mbili tatu za kwanza msifukuzane. Katika mpira wa kikapu, ambako uwanjani huwa watano tu, pengo la mmoja ni kubwa zaidi, lakini dawa ni hiyohiyo.

Wala msimlaani aliyekwenda. Miguu ya mchezaji haidumu miaka mingi, na nafasi haingoji. Mayele mwenyewe alifunga katika fainali ya mwaka 2025, Pyramids wakatwaa Ligi ya Mabingwa Afrika. Kijana wenu msindikizeni kwa heri. Akirudi likizo, mwiteni uwanjani awafundishe wadogo aliyojifunza huko. Kisha mpeni mwingine jezi yake, avae tangu mazoezi ya kesho jioni.