Saratani ya Matiti: Je, Ni Ugonjwa wa Nani?



Hapa Bofa husikika watu wakisema, "Aa, kansa ya matiti ni ya mabibi wazee." Mwingine naye husema, "Mimi mwanamume, yanihusu nini?" Maneno haya huwachelewesha watu. Hebu tuyachambue.

MWANAMKE NA MWANAMUME
Kuwa mwanamke ndiyo hatari kubwa ya kwanza. Titi la mwanamke hukua na kubadilika kwa nguvu ya homoni, hasa estrojeni. Katika wagonjwa 100, karibu 99 ni wanawake. Mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba wanawake karibu 6,800 wa Kenya walipata ugonjwa huu.

Lakini mwanamume pia ana nyama kidogo ya titi nyuma ya chuchu. Baba akiona kivimbe kigumu hapo, au chuchu imeingia ndani au inatoa damu, asione haya. Aende apimwe.

UMRI
Kadiri tunavyoishi, chembe za mwili hujigawa mara nyingi, na makosa madogo hukusanyika. Ndiyo maana hatari huongezeka kwa miaka. Sasa je, mbona twaona akina mama wa miaka 35 au 45 wakiugua? Ni kwa sababu nchi yetu ina vijana wengi kuliko wazee. Bibi wa miaka 65 ana hatari kubwa kuliko binti yake, lakini mabinti ndio wengi. Basi asiwepo wa kusema, "Mimi bado mdogo." Na kama mama au dada yako aliugua akiwa na umri mdogo, mwambie daktari.

TUFANYE NINI?
Kivimbe cha saratani mara nyingi hakiumi mwanzoni, kwa hiyo usingoje maumivu. Vivimbe vingi si saratani, lakini wa kusema hivyo ni daktari baada ya kupima, si jirani wala mganga. Anzia zahanati iliyo karibu, au Hospitali ya Kaunti ya Kilifi. Ukifika miaka 40, uliza kuhusu picha ya matiti. Ugonjwa ukipatikana mapema, matibabu husaidia sana. Tena hauambukizi: tusimtenge mgonjwa.

MASWALI YA KIKUNDI
1. Ni nini hutufanya tufiche kivimbe?
2. Mwenzetu akihitaji kwenda kupimwa, nani atamsindikiza, na nauli itatoka wapi?
3. Tutawaelezaje waume zetu nyumbani?

Jibuni la pili kabla hamjaachana. Siku ya kuhitajika, msianze kutafutana.