Kikohozi cha Mahujaji Warejeapo Nyumbani

Hujaji wa Mkwajuni hurejea kwa ndege hadi Dar es Salaam, kisha hushika njia ndefu ya basi kuelekea Mbeya na Songwe. Siku chache baada ya kuiaga Makka, chumba chake hujaa ndugu na majirani waliokuja kumpa mkono na kuonja maji ya zamzam. Miongoni mwao wamo wazee na watoto wachanga. Naye, mara nyingi, anakohoa.

Wengi husema ni mabadiliko ya hewa. Kweli, joto na vumbi huukausha utando wa koo, lakini hewa haizai viini vya maradhi. Chanzo hasa ni msongamano: mwaka 2019 walihiji watu wapatao milioni 2.5, wakilala kwa wingi katika mahema ya Mina. Akohoapo mmoja, vitone vyenye virusi huwafikia walio karibu.

Tufanye hesabu ndogo. Virusi vya mafua makali hukaa mwilini siku 1 hadi 4 kabla ya dalili kuonekana. Zamani, safari ya meli ilichukua siku nyingi, na ugonjwa uliweza kuzuka na kwisha baharini. Ndege huchukua saa chache. Basi msafiri hufika akiwa mzima, na homa humshika nyumbani. (Vidonge vya kuua bakteria, vinunuliwavyo ovyo madukani, haviui virusi.)

Hatari kubwa zaidi ni bakteria wa homa ya uti wa mgongo, awezaye kukaa kooni mwa mtu asiyeugua kabisa. Baada ya Hija ya mwaka 1987, ukoo mmoja wa bakteria huyo ulienea Afrika. Mwaka 1989 ulizusha mlipuko Nairobi, wagonjwa wapatao 3,800. Mwaka 2000 ukazuka aina nyingine, W135, ambayo chanjo ya aina A na C haikuikinga. Ndiyo sababu Saudi Arabia hudai chanjo ya aina A, C, W na Y, idungwe angalau siku 10 kabla ya kuwasili, ili mwili upate muda wa kujenga kinga.

Hujaji apatwaye na homa na kukosa pumzi ndani ya siku 14 na amweleze mganga alikotoka. Huko Uarabuni kuna pia MERS, iliyogunduliwa mwaka 2012 na kuhusishwa na ngamia, ambayo mganga wa Mkwajuni hana sababu ya kuifikiria asipoambiwa.